Ndege ya Pangaboi Nne

Mimi ni fundi wa redio na baiskeli. Kijiji changu kipo wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili. Nilikaa kwenye benchi la darasa la watu wazima, kama wewe. Leo nataka kukusimulia habari ya ndege ndogo ambayo ilinirudisha darasani, ingawa darasa lenyewe lilikuwa kibanda changu cha kazi.

Labda umewahi kuiona ndege ya namna hii. Haina mtu ndani yake. Ina mikono minne, na kila mkono una pangaboi moja juu yake. Mwenye ndege husimama chini na kuiongoza kwa rimoti. Wengine huiita droni. Wengine huiita ndege nyuki. Kweli mlio wake ni kama wa nyuki waliochokozwa.

1. Sanduku la mpwa wangu

Mwaka 2018 mpwa wangu alikuja kututembelea. Yeye anaishi Morogoro mjini, na amesomea ufundi wa umeme. Alileta sanduku. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ambavyo vilikwisha kutumika: fremu ya plastiki, mota nne, pangaboi, betri, rimoti, na ubao mdogo wa umeme wenye kioo na vitufe vinne. Ubao huo ndio ubongo wa ndege.

Aliniambia, "Mjomba, wewe ni fundi. Iunganishe hii, tutaijaribu pamoja. Maelezo yote nimeyaandika kwenye karatasi hii."

Karatasi ilikuwa na mistari kumi na miwili. Aliiandika kwa herufi kubwa ili isinisumbue. Nilimshukuru, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Ndugu msomaji, nitakuambia ukweli. Sikuisoma. Nilijiambia kwamba nimetengeneza redio kwa miaka ishirini na zaidi. Karatasi ya nini? Kijana huyu nimembeba mgongoni, leo anifundishe kazi?

Nililehemu nyaya. Nilikaza skrubu. Nilifunga pangaboi zote nne. Kwa siku tatu kazi ilikwenda vizuri, na majirani walikuja kutazama.

2. Kosa langu

Siku ya nne, jioni, nilitaka kuona kama mota zinazunguka. Binti yangu wa mwisho alinishikia taa. Alikuwa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebaki wiki tatu.

Niliunganisha betri. Niliwasha rimoti. Nilisukuma kijiti mbele kidogo tu.

Mota moja ilikuwa inazunguka kinyume. Mimi sikujua. Ndege haikuinuka sawasawa. Ilipinduka upande, ikaruka kutoka mezani, ikamwendea binti yangu. Aliinua mkono kujikinga uso.

Pangaboi ile ni ya plastiki, na urefu wake ni kama sentimita 25. Lakini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, na ikizunguka hivyo hukata kama kisu. Ilimkata vidole viwili na kiganja. Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, mkono anaoandikia.

Tulimkimbiza zahanati kwa baiskeli. Alishonwa nyuzi saba. Njiani hakulia. Alisema neno moja tu: "Baba, mtihani."

Usiku ule mke wangu alilichukua sanduku, akaliweka juu ya dari. Akaniambia, "Baba watoto, ulianza kushika kalamu ukiwa na mvi mbili. Unajua uchungu wake. Leo umemwondolea mtoto kalamu." Sikuwa na la kumjibu.

3. Mstari wa tatu

Nilishindwa kulala. Niliwasha kibatari, nikaitoa ile karatasi mfukoni. Mstari wa kwanza ulisema: "Hesabu vipande vyote." Mstari wa pili ulisema: "Lehemu nyaya, kisha kagua kila kiungo." Mstari wa tatu ulisema: "ONDOA PANGABOI ZOTE KABLA YA KUJARIBU MOTA."

Maneno yale nilikuwa nayo mfukoni siku nne. Asiyejua kusoma angekuwa na udhuru. Mimi nilijua kusoma, na sikusoma.

Mungu alisaidia. Nyuzi zilitolewa baada ya siku kumi. Binti yangu alifanya mtihani mwezi wa Septemba, huku kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Aliishika penseli kwa vidole vitatu. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Januari 2019 alianza kidato cha kwanza, katika shule ya bweni.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alipanda darini, akashusha sanduku. Akasema, "Baba, imalize. Lakini safari hii soma."

4. Ndege hii inasimamaje hewani?

Nilianza upya kama mwanafunzi. Mpwa wangu alinieleza, nami nikaandika katika daftari. Nitakueleza kwa ufupi.

Pangaboi mbili huzunguka kwenda kulia, na mbili kwenda kushoto. Zinazozunguka upande mmoja hukaa zikikabiliana kwa pembe. Kwa nini iwe hivyo? Ukisimama ndani ya mtumbwi na kugeuza mwili wako upesi kwenda kulia, mtumbwi huelekea kushoto. Hali kadhalika pangaboi. Ikizunguka kulia, mwili wa ndege hutaka kuzunguka kushoto. Zikiwa mbili kulia na mbili kushoto, nguvu hizo huuana, na ndege hutulia.

Ukitaka ndege ipande, pangaboi zote nne huongeza mwendo. Ukitaka iende mbele, za nyuma huongeza na za mbele hupunguza. Ndege huinamisha kichwa na kwenda. Ukitaka igeuke, jozi moja huzidi nyingine.

Lakini chombo cha namna hii hakiwezi kutulia chenyewe. Mwaka 1907, huko Ufaransa, Louis Breguet na ndugu yake Jacques, pamoja na Profesa Charles Richet, walijenga chombo kikubwa cha namna hiyo. Kiliinuka kidogo kutoka ardhini, na mtu alikuwa ndani. Lakini ilibidi watu wanne wakishike, mmoja kila pembe, ili kisipinduke.

Siku hizi kazi ya wale watu wanne hufanywa na kifaa kidogo kilicho ndani ya ubao. Kinaitwa jairo. Jairo huhisi ndege inapoanza kuinama. Mara moja ubongo huamuru mota ya upande ule iongeze nguvu. Jambo hili hufanyika mara nyingi sana katika sekunde moja, hata jicho haliwezi kuliona.

5. Kazi kabla ya kuruka

Safari hii nilitoa pangaboi zote. Nilibandika kipande kidogo cha utepe kwenye kila mota, ili nione inazunguka upande gani. Nikaikuta ile mota mbaya. Kila mota ya aina hii ina nyaya tatu. Ukibadilishana nyaya mbili kati ya hizo tatu, mota hugeuza mzunguko. Kazi ilikuwa ya dakika tano. Dakika tano hizo zingeokoa mkono wa mtoto.

Kisha nilipima pangaboi. Nilichukua msumari laini, nikaupitisha kwenye tundu la katikati. Upande ulio mzito ulishuka. Nilibandika utepe kidogo upande ulio mwepesi mpaka pangaboi ikakaa sawa. Nilifanya hivyo kwa zote. Pangaboi isiyo na mizani hutetemesha ndege, na jairo huchanganyikiwa. Kwa ajili hiyo pia nililaza ubao juu ya kipande cha sponji.

Halafu niliinyanyua ndege kwa vidole viwili, katikati. Iliinama mbele. Niliisogeza betri nyuma kidogo mpaka ikatulia. Nadhani kila mama aliyebeba ndoo kichwani anaijua kazi hii.

Betri nayo ina masharti yake. Ina seli tatu. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, haizidi hapo. Isiachwe ishuke chini ya volti 3.5 hivi, maana itakufa. Betri iliyovimba haitumiki tena. Wala betri hizi hazichajiwi kitandani, au mahali pasipo na mtu, kwa kuwa zinaweza kuwaka moto.

Tena liko jambo la sheria. Nchini Tanzania ndege hizi hazirushwi bila kibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia shughuli hii. Mpwa wangu alifuatilia kibali mjini. Kilipopatikana, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwonyesha, nikaeleza tutarushia wapi na saa ngapi.

6. Namba mbili

Sasa nakuja kwenye jambo lililonipa shida kuliko yote. Kwenye kioo cha ubao kuna namba za kurekebisha. Kubwa ni mbili. Moja ina herufi P, nyingine ina herufi I.

P ni nguvu ya kusahihisha. Ndege ikiinama, ubongo uirudishe kwa nguvu kiasi gani? P ikiwa ndogo mno, ndege hulegea na kuyumba kama mlevi. P ikiwa kubwa mno, ubongo huivuta kupita kiasi, kisha huirudisha, kisha huivuta tena. Ndege hutetemeka kama mtu mwenye homa.

I ni kumbukumbu. Fikiri mtu anayevuka mto kwa mtumbwi. Maji yanamsukuma pembeni. Kupiga kasia mara moja hakutoshi. Anakumbuka kwamba maji bado yanasukuma, kwa hiyo anazidi kuelekeza mtumbwi dhidi ya maji mpaka afike ng'ambo. Upepo ukiisukuma ndege, I ndiyo inayokumbuka. Ikiwa ndogo, ndege haishiki msimamo wake. Ikiwa kubwa mno, ndege huyumba polepole, huku na huku, kama bembea.

Mwanzo nilizibadilisha namba zote mbili kwa pamoja. Ndege ikawa mbaya zaidi, nami sikujua kosa ni la P au la I. Mpwa wangu alinicheka. Akasema, "Mjomba, badilisha moja. Rusha. Andika. Kisha badilisha tena."

Basi nilifungua ukurasa mpya. Nilikwenda uwanja wa mpira Jumapili asubuhi na mapema, zile asubuhi ambazo mvua haikunyesha, kabla upepo haujaamka na kabla watoto hawajafika. Haya ndiyo niliyoandika:

Machi 3. P 50, I 25. Inayumba. Haitetemeki.

Machi 10. P 70, I 25. Inatetemeka. Mlio umebadilika. Nimeishusha upesi.

Machi 17. P 60, I 25. Haitetemeki. Upepo ukija inakwenda zake.

Machi 24. P 60, I 40. Upepo umekuja. Imesimama.

Ndugu msomaji, ukurasa ule ninao mpaka leo. Kichwa changu kisingeweza kukumbuka mambo hayo kwa wiki nne. Daftari lilikumbuka. Wewe ukipanda mbegu za aina mbili, au ukibadilisha chakula cha kuku, fanya hivyo hivyo. Badilisha jambo moja, kisha andika.

Lakini usizichukue namba zangu. Kila ndege ina uzito wake na mota zake. Chukua njia, namba utazipata mwenyewe.

7. Kujifunza mkono

Ndege ilipotengenea, niligundua kwamba sasa mimi ndiye ninayeyumba. Nilikuwa na mkono mzito. Nilisukuma kijiti kwa nguvu, ndege ikaenda mbali. Niliogopa, nikavuta kwa nguvu, ikanirudia. Nilivunja pangaboi sita na mkono mmoja wa fremu. Mkono ule niliuchonga upya kwa mti wa mninga, na upo mpaka leo.

Nilijifunza mambo haya:

Simama nyuma ya ndege, mkia wake ukikuelekea. Hapo kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka na kukutazama, kulia kunakuwa kushoto, na hapo ndipo wageni wengi huanguka.

Usiiache karibu na ardhi. Upepo wa pangaboi hugonga ardhi na kurudi, na ndege huhangaika. Ipandishe hadi mita moja au zaidi, ndipo utulie.

Itazame ndege, usitazame vidole. Sogeza vijiti kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi.

Ukichanganyikiwa, punguza mwendo wa mota na uishushe. Afadhali kuvunja pangaboi kuliko kumkimbilia mtu.

Betri yangu hutosha dakika kumi hivi. Mimi hushusha ikifika dakika saba. Niliomba saa ya mwalimu wa shule kwa kazi hiyo, mpaka nikanunua yangu.

Majirani waliniuliza, "Fundi, inafaa nini hiyo?" Niliwajibu ukweli. Ya kwangu haibebi kitu. Ni ya kujifunzia. Lakini nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu kwenye hospitali za mbali. Na huko Zanzibar, mwaka huo huo wa 2016, ilianza kazi ya kupiga picha visiwa kutoka angani ili kuchora ramani, na wanafunzi wa chuo kikuu walifundishwa kuzirusha. Ndege zile zina mabawa, si pangaboi nne kama yangu. Hata hivyo walioziongoza walianza na hofu na mkono mzito, kama mimi.

8. Asubuhi ya mwezi wa Juni

Binti yangu alirudi likizo mwezi wa Juni 2019. Hakusema kitu juu ya ndege kwa siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, "Baba, twende uwanjani."

Mke wangu alikuja pia. Alisimama mbali, chini ya mwembe, mikono kifuani.

Niliiweka ndege katikati ya uwanja. Nilitaka kuunganisha betri. Binti yangu akanizuia.

"Baba, umesoma karatasi?"

"Nimeisoma, mama. Mara nyingi."

"Isome tena. Nisikie."

Karatasi ilikuwa imechakaa, na mikunjo yake imeanza kukatika. Niliisoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja, yote kumi na miwili. Nilipofika mstari wa tatu sauti yangu ilikwama kidogo. Aliningoja. Nikamaliza.

Kwanza niliirusha mimi. Kisha nilimpa rimoti. Nilikiona kile kidole kisichokunjika vizuri. Alikiweka pembeni ya kijiti, akatumia cha pili. Mkono wake ulitetemeka. Nilisimama karibu, nikamwambia aliyoniambia mpwa wangu: kidogo, kidogo.

Ndege iliinuka. Ilihangaika karibu na nyasi, kisha ikapita hapo, ikafika kimo cha kifua chake. Hapo ikasimama. Kaupepo kalikuja kutoka mtoni. Ndege iliinama kidogo, ikajirudisha, ikabaki pale pale. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka sitini.

Mkono wake ulikuwa umeacha kutetemeka.

Alipoishusha, mama yake alitoka chini ya mwembe. Aliitazama ndege, akamtazama mtoto. Halafu akaniambia, "Baba watoto, hiyo karatasi ibandike ukutani." Nimeibandika. Ipo juu ya meza yangu ya kazi, na kila kifaa kipya kikija huisoma karatasi yake kabla sijashika bisibisi.

Ndugu msomaji, umehangaika sana kujifunza herufi. Usiziache mfukoni. Kibandiko cha chupa ya dawa ya mifugo, mfuko wa mbolea, karatasi ya zahanati, mkataba wa shamba: soma kwanza, hata kama wewe ni fundi, hata kama aliyeandika ni mtoto wa dada yako. Neno usilolielewa, uliza. Mimi nilichelewa siku nne, na alama yake ipo katika mkono wa mwanangu.

Maswali

1. Mstari wa tatu wa karatasi ulisema nini?
2. Kwa nini pangaboi mbili huzunguka kulia na mbili kushoto?
3. Ndege hufanya nini P ikiwa kubwa mno? Hufanya nini P ikiwa ndogo mno?
4. Fundi aliandika nini katika daftari lake, na lilimsaidiaje?
5. Taja vitu vitatu nyumbani kwako vyenye maandishi. Je, umeyasoma?